Programu moja kwenye ordinateri za namna tatu: kwa nini zingine zinakaa kama wenyeji na zingine zinabaki wageni

Audacity ya kukata sauti, VLC ya kuangalia video, LibreOffice ya kuandika: programu hizi zinafunguka kwenye Windows, kwenye Mac na kwenye Linux. Lakini mutu akitoka ku masini moja kwenda ku ingine, mara anajisikia kama iko nyumbani, mara anapotea kabisa. Tofauti hiyo haitokee bure. Inatoka kwa namna programu ilijengwa, na inagusa kazi, muda na hata mega za kila mutumiaji.

Katika maofisi, mashule na maradio ya mashariki mwa Congo, ordinateri nyingi zinatumia Windows. Pembeni kunaweza kuwa Mac moja iliyoletwa na mutu aliyetoka mbali, na masini ya zamani ambayo fundi aliiwekea Linux ili iendelee kutumika. Na jambo hilo la Linux limekuwa la kufikiria zaidi. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilimaliza musaada wa kawaida wa Windows 10. Masini nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11, kwa sababu inaomba vipande vipya, kama vile kile cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Mwenye masini ya namna hiyo anabaki na njia chache: kununua ingine, kuendelea na ile ile pamoja na hatari yake, ao kuhamia Linux.

Anayehama anajiuliza kwanza kama kazi yake itahama naye. Hapo njo programu za sistemu nyingi zinaonyesha faida yake. Kazi iliyoanzwa na Audacity kwenye Windows inaweza kuendelea kwenye Linux. Lakini kufunguka peke yake hakutoshi. Kama butoni zimebadilisha nafasi, kama tushi za klaviye zinafanya jambo lingine, mwandishi wa habari anaweza kupoteza mahojiano ya saa nzima dakika kumi mbele ya kuingia hewani.

Kila sistemu iko na desturi yake

Kwenye Windows, menu ya programu inakaa ndani ya dirisha lake, na alama ya kufunga iko juu upande wa kuume. Kwenye Mac, menu inakaa juu kabisa ya ekrani, hata kama dirisha liko chini, na butoni za kufunga ni vidonda vitatu vya rangi upande wa kushoto: nyekundu, manjano na kijani. Linux haiko na sura moja. Kuko wanaotumia GNOME, kuko wanaotumia KDE, na kila moja inapanga vitu kwa namna yake.

Tofauti zingine ni ndogo lakini zinauma zaidi. Programu ikiuliza kama mutu anataka kuhifadhi kazi yake, Windows inaweka butoni ya kukubali mbele ya « Annuler ». Kwenye Mac, butoni ya kukubali inaenda mwisho upande wa kuume, na « Annuler » inatangulia. GNOME inafuata mupango unaofanana na ule wa Mac, KDE unaofanana na ule wa Windows. Mutu aliyezoea hasomi tena yale maneno, mukono unaenda wenyewe. Programu ikigeuza nafasi, mukono unabonyeza pasipotakiwa.

Kukopi kwenye Windows na Linux ni Ctrl na C. Kwenye Mac ni tushi ya Command na C. Kufunga dirisha la mwisho kwenye Windows kwa kawaida kunafunga programu yote. Kwenye Mac, mara nyingi dirisha linaenda lakini programu inabaki wazi, mupaka mutu aizime mwenyewe. Hata ukurasa wa kupanga mambo ya programu haukai fasi moja: katika Audacity, mutumiaji wa Windows anautafuta katika menu « Édition », mutumiaji wa Mac anaukuta katika menu yenye jina la programu yenyewe.

Hakuna sistemu iliyo na haki kushinda ingine katika mambo haya. Ni mazoea, sawa vile upande wa barabara ambao magari yanapita. Jambo la lazima ni kila mutu afuate ule wa pale alipo.

Kwa nini watu wanatengeneza programu moja kwa wote?

Njia iliyo rahisi kuelewa ingekuwa kutengeneza programu tatu, moja kwa kila sistemu. Lakini ile ni kuandika kazi mara tatu, kurekebisha makosa mara tatu, na kutafuta watu wanaojua sistemu zote tatu. Programu nyingi za bure zinatengenezwa na kikundi kidogo, mara nyingi watu wanaojitolea. Audacity yenyewe ilianzishwa na watu wawili, Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na ilitolewa kwa watu wote mwaka wa 2000. Kikundi kama hicho kikitaka kufikia Windows, Mac na Linux, kinatafuta namna ya kuandika mara moja tu.

Kwa hiyo watengenezaji wanatumia sanduku la vyombo lililotayarishwa na wengine. Ndani yake muko vipande vya kujenga ekrani: butoni, menu, orodha, fasi ya kuandika. Sanduku wanalochagua njo linaamua kwa sehemu kubwa kama programu itakuwa mwenyeji ao mugeni. Kuko njia ine kubwa.

Njia ya kwanza: kuazima vyombo vya mwenye nyumba

Hapa programu haichore butoni yake. Inaomba sistemu: « Nipe butoni yako, niandike juu yake neno hili. » Kwenye Windows inapata butoni ya Windows, kwenye Mac ya Mac. Sanduku linalojulikana kwa njia hii ni wxWidgets, lililoanzishwa mwaka wa 1992 na Julian Smart katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Audacity ilijengwa juu yake, na ndiyo sababu kwa muda murefu madirisha yake ya kuchagua fishiye yamefanana na yale ya sistemu ambamo iko.

Faida ni kwamba mwenye nyumba akipaka rangi mupya, hata mugeni anapata ile rangi. Magumu ni kwamba vyombo vya nyumba moja havilingane na vya ingine. Java ilikutana na shida hiyo tangu mwaka wa 1995. Sanduku lake la kwanza, AWT, liliazima vyombo vya sistemu, lakini liliweza kutumia tu vile vilivyopatikana pote. Kitu kizuri kilichokuwa ku Windows na kisichokuwa pengine kiliachwa.

Njia ya pili: kuchora yenyewe na kuigiza

Njia hii inachora kila kitu yenyewe, lakini ikiangalia sura ya mwenye nyumba na kuiiga. Java ilihamia huku mwaka wa 1998 na sanduku linaloitwa Swing. Lakini sura ya kwanza ya Swing haikufanana na sistemu yoyote. Programu ilikuwa ya kijivujivu yake mwenyewe, na mutumiaji wa Windows na wa Mac wote wawili waliiona kuwa ya kigeni.

Qt, iliyotoka Norvège mwaka wa 1995 kwa kazi ya Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng, ilifaulu vizuri zaidi. Inauliza sistemu rangi zake, herufi zake na mupangilio wake, kisha inachora kwa kufuata. Telegram ya ordinateri inatumia Qt. Toleo la 4 la Audacity nalo linajengwa juu ya Qt, pahali pa wxWidgets.

Hatari ya kuigiza ni kwamba inaomba kazi isiyoisha. Sistemu ikibadilisha sura, ile picha inabaki ya zamani mupaka mutu airekebishe. Na jicho la mutumiaji linaona haraka kitu kinachokaribia kufanana bila kufanana kabisa.

Njia ya tatu: kubeba ukurasa wa intaneti

Programu nyingi za siku hizi ni ukurasa wa intaneti uliofungwa ndani ya dirisha. Sanduku kubwa la njia hii ni Electron, iliyotengenezwa na GitHub kuanzia mwaka wa 2013. Kila programu ya Electron inabeba ndani yake Chromium nzima, ile injini inayoendesha pia Chrome. Mutu aliye na programu tatu za namna hiyo iko na injini tatu ndani ya masini yake, mbali na Chrome anayotumia kila siku.

Kwa mutengenezaji ni rahisi: anayejua kutengeneza kurasa za intaneti anaweza kutengeneza programu. Kwa mutumiaji, bei inaonekana pengine. Hata programu ndogo ya Electron inapita kwa kawaida mega 50 za kupakua, na masini yenye memori kidogo inaanza kutembea polepole. Pahali ambapo watu wanahesabu mega moja moja, tena umeme unakuja na kuenda, lile si jambo la kuchezea.

WhatsApp inaonyesha vizuri namna wenye programu wanavyovutwa pande mbili. Programu yake ya ordinateri ilitoka mwaka wa 2016 ikiwa imejengwa kwa Electron. Mwaka wa 2022 ilitoa ingine kwa ajili ya Windows, iliyoandikwa kwa vyombo vya Windows vyenyewe, na ikasema kama iko ya mbio zaidi na ya kutegemewa zaidi. Kisha mwaka wa 2025, toleo la majaribio la Windows likarudilia njia ya ukurasa wa intaneti. Kampuni yenye mali nyingi vile bado inapima gharama ya kuwa mwenyeji kila pahali.

Kuko pia masanduku mapya, kama Tauri, ambayo hayabebe injini. Yanatumia ile ambayo tayari iko ndani ya sistemu, na programu ndogo inaweza kuwa chini ya mega 10.

Njia ya ine: moyo mumoja, sura mbalimbali

VLC, iliyozaliwa katika kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, ilitenganisha mambo mawili. Moyo wake, unaosoma video na sauti, ni mumoja kwa sistemu zote. Sura ya nje ni mbalimbali: kwenye Windows na Linux inatumia Qt, kwenye Mac iliandikiwa sura yake yenyewe kwa vyombo vya Apple. Kazi inakuwa kubwa kidogo, lakini sehemu iliyo ngumu inaandikwa mara moja, na ile inayoguswa na mutu inafuata desturi za pale alipo.

Klaviye ya AZERTY: mufano wa hapa kwetu

Sura nzuri haitoshi kama programu haiulize sistemu mambo ya mutumiaji wake. Klaviye nyingi zinazotumika Congo ni za Kifaransa, zenye kuanza na herufi A, Z, E, R, T, Y. Watengenezaji wengi wa programu wanatumia zile zenye kuanza na Q, W, E, R, T, Y. Pale herufi A inakaa ku klaviye ya hapa, kule kunakaa Q. Pale Z inakaa, kule kunakaa W.

Programu nzuri inauliza sistemu: « Mutu amebonyeza herufi gani? » Programu mubaya inaangalia tu nafasi ya tushi, ikizania kila klaviye ni kama ya kwao. Matokeo yake: mutu anabonyeza Ctrl na A ili achague maandishi yote, programu inasikia Ctrl na Q, yaani kuzima. Anabonyeza Ctrl na Z ili arudishe kosa alilofanya, programu inasikia Ctrl na W, yaani kufunga dirisha. Mutumiaji anazania masini imeharibika ao iko na virusi, kumbe shida ni ya aliyeandika programu.

Namba nazo ziko na desturi. Kwa mupango wa Kifaransa, 1,500 ni moja na nusu. Kwa mupango wa Kiingereza, ile ile ni elfu moja mia tano. Programu isiyouliza sistemu iko katika luga gani inaweza kusoma hesabu ya feza vibaya bila kutoa onyo lolote. Muhasibu wa chama cha akiba anapaswa kujua hilo kabla ya kuamini jumla inayotokea chini ya jedwali.

Luga ya butoni pia inahesabika. « Enregistrer sous » ni ndefu kushinda maneno ya Kiingereza yanayosema vile vile. Mutengenezaji aliyepima butoni kwa Kiingereza tu anakata maneno ya wengine katikati. Masanduku mazuri yanaacha butoni ijipanue yenyewe kufuatana na neno.

Wasioona wanategemea kitu kisichoonekana

Kwa mutu asiyeona, jambo hili si la uzuri. Programu ya bure NVDA, iliyoanzishwa mwaka wa 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, inasoma kwa sauti mambo yaliyo kwenye ekrani ya Windows. Lakini NVDA haiangalie picha kama vile jicho. Inauliza kila kitu: wewe ni nani, jina lako nani, umechaguliwa ao hapana? Butoni ya kweli ya sistemu inajibu yenyewe: « Enregistrer, butoni. » Butoni iliyochorwa na mutengenezaji bila kuipatia jina haijibu kitu. Kwa anayeona inaonekana sawasawa na ile ingine, kwa asiyeona haiko.

Ni kwa sababu hiyo Audacity inajulikana kati ya wasioona wanaofanya kazi ya sauti: mambo mengi yake yanafanyika kwa klaviye tu, na msomaji wa ekrani anaweza kuyasema. Ukurasa wa intaneti ndani ya dirisha unaweza pia kusomwa vizuri, lakini ni kama aliyeuandika alipatia kila kipande jina lake. Radio inayotaka kufundisha kijana asiyeona kukata sauti inapaswa kujaribu jambo hili mbele ya kuchagua programu.

Je, ni lazima programu ifanane kabisa na sistemu?

Hapana. Blender, ya kutengeneza picha za pande tatu, inachora ekrani yake yote yenyewe na inafanana pote. Wanaoitumia siku nzima wanapenda hivyo: wakibadilisha masini, kazi inabaki ile ile. Mwalimu anayefundisha watu ishirini kwenye masini za namna mbalimbali naye anapenda programu isiyobadilika sana, sababu anaeleza mara moja kwa wote.

Watengenezaji wazuri wanagawa mambo. Sehemu ya kazi yenyewe, kama mistari ya sauti katika Audacity, inaweza kuwa na sura yake pote. Lakini kufungua na kuhifadhi fishiye, kukopi, kufunga, nafasi ya « Annuler », luga, klaviye na sauti ya wasioona, yote hayo ni mali ya mwenye nyumba. Mugeni siku mbili, siku ya tatu umupe jembe: programu inayofunguliwa kila siku haiwezi kuendelea kuomba watu wazoee desturi za kwao.

Mambo ya kujaribu mbele ya kuchagua programu

Mutu anayeweka programu mupya, ao kijana anayejifunza kutengeneza programu katika Goma, Bukavu, Bunia ao Lubumbashi, anaweza kufanya majaribio haya kwa dakika kumi, na fishiye isiyo ya maana:

– Kuangalia uzito wa programu mbele ya kupakua, na kuulinganisha na mega zilizopo.

– Kubonyeza Ctrl na A, kisha Ctrl na Z, kwenye klaviye ya AZERTY, na kuona kama programu inafanya yale yanayotazamiwa.

– Kubadilisha kitu kidogo na kufunga dirisha bila kuhifadhi. Programu nzuri inauliza kwanza, na butoni zake zinakaa pale mutu alizizoea.

– Kufungua dirisha la kuchagua fishiye. Kama ni lile la sistemu, kifunguo cha USB na dosiye za kawaida zinaonekana mara moja.

– Kuandika namba yenye virgule na kuangalia kama hesabu inatoka sawa.

– Kuacha kabisa kugusa kwa mukono mishale ya ekrani, na kutembea ndani ya programu kwa klaviye peke yake. Pale ambapo klaviye haifike, asiyeona naye anaweza kushindwa kufika.

– Kama kuko mupango wa kuhama Windows 10, kuweka ile programu kwanza kwenye masini moja ya Linux, kufungua fishiye tatu ao ine za kazi, na kukaa nayo juma moja mbele ya kuhamisha masini zingine zote.

Programu ikishindwa katika moja ya majaribio haya, si lazima kuitupa. Lakini mutumiaji anakuwa anajua pahali pa kuangalia, na anahifadhi kazi yake mara nyingi zaidi.